Barua ya wazi kwa wakuu wa matengenezo: kila kazi kwenye gari la jeshi iwe na mwenyewe

Dar es Salaam

Kwa wakuu wote mnaosimamia matengenezo ya magari, jenereta na mitambo ya kijeshi,

YAH: KUOMBA KAZI ZA MATENGENEZO ZIANDIKWE VIZURI NA ZIGAWIWE KWA WATU WANAOJULIKANA

Waheshimiwa wakuu, shikamooni. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi mitambo mstaafu, naishi hapa hapa Dar, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imeishia chini ya malori ya jeshi na pembeni ya jenereta zake. Karakana niliyokuwepo siitaji, kikosi sikitaji, idadi ya magari wala hali ya gari lolote lililopo leo sitaji, kiapo ni kiapo hata ukishavua gwanda. Ninachoongelea ni utaratibu tu, yaani nani anafanya nini kwenye gari, lini, kwa kifaa gani, na nani anaweka sahihi. Hayo yakijulikana hayamsaidii adui yeyote, ila yasipojulikana na vijana wetu wenyewe yanawaumiza.

Niseme pia kwa nini nimeamua kuyaweka hadharani. Nilisema kwenye vikao nikiwa kazini, nikaandika kwa kufuata ngazi kama inavyotakiwa, nikishastaafu nikarudi ofisini kwa heshima zote nikakaribishwa chai nikaambiwa mzee tumekusikia, na baada ya hapo kimya. Vijana niliowaacha bado wananipigia simu kuniuliza mambo ambayo yangetakiwa yawe yamebandikwa ukutani, na siku simu yangu ikiwa haipatikani sijui wanamuuliza nani. Kwa hiyo naomba nisamehewe kwa njia niliyotumia, lakini jambo lenyewe siliombei msamaha.

Na wananchi wa kawaida wanaosoma hii wasione haiwahusu. Mji huu umepita milipuko ya maghala ya mabomu ya jeshi, Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, watu walikufa, nyumba zikaenda, watoto wakapotezana na wazazi usiku. Sinyooshei mtu kidole kwa hayo, nayakumbusha kwa sababu wakazi wa Dar tunajua kabisa kwamba kifaa cha jeshi kikienda vibaya madhara hayaishii ndani ya uzio. Halafu maji yakijaa Jangwani na mabondeni kwetu huku, lori la jeshi ni moja ya vitu tunavyovitegemea, na lori hilo lazima liwake na lazima lisimame pale dereva anapokanyaga breki.

Sasa hoja zangu.

1. "Fanyeni servisi" siyo kazi, ni amri isiyo na maelezo.

Asubuhi watu wanapangwa mstari, anasimama mkuu anasema lile lori fulani lifanyiwe servisi, watu wanasema ndiyo afande, wanatawanyika. Ukimuuliza fundi mmoja servisi ni nini atakwambia oili na filta, mwingine atakwambia oili, filta, grisi na kuangalia mkanda wa feni, wa tatu ataongeza breki, wa nne ataosha tu gari kwa sababu anajua mkuu akipita ataangalia kama linang'aa. Wote wamefanya servisi na wote wana haki ya kusema wamefanya, maana hakuna karatasi inayosema vinginevyo.

Kazi iliyoandikwa vizuri inasema sehemu gani inaangaliwa, inaangaliwa kwa macho au inapimwa, kipimo kikiwa ngapi gari linaruhusiwa kutoka na kikiwa ngapi linabaki, inafanywa kila baada ya nini, inahitaji watu wangapi na saa ngapi, zana gani, spea gani, na hatari gani kwa anayeifanya. Ukiandika "angalia breki" hujaandika kitu. Ukiandika pima unene wa breki shuu mahali fulani, ukifika milimita kadhaa badilisha za magurudumu yote mawili ya ekseli ile, hapo hata kijana aliyeripoti juzi anaweza, na hata mimi nikija kukagua najua nakagua nini.

2. Mipaka ya dereva, fundi wa kikosi na karakana kuu haijulikani, na hapa ndo kwenye ugonjwa wenyewe.

Nitatoa mfano mmoja ambao kila fundi wa magari makubwa wa mji huu ataujua. Malori yenye breki za upepo yana matenki ya upepo, na kompresa inavyosukuma hewa inasukuma na unyevu wake, na hewa ya Dar mnaijua ilivyo, hasa kwa magari yanayolala upande wa bahari. Maji yanakusanyika chini ya tenki. Yasipomwagwa yanaenda kwenye valvu, yanaleta kutu, nafasi ya upepo ndani ya tenki inapungua, na siku moja breki inachelewa kushika kwenye mteremko. Kuyamwaga ni kazi ya dakika chache, unavuta kamba au unafungua koki chini ya tenki basi. Haihitaji spea, haihitaji hela.

Sasa ni kazi ya nani? Dereva anasema ni ya fundi kwa sababu iko chini ya gari. Fundi anasema ni ya dereva kwa sababu ni ya kila siku na yeye gari hilo analiona likiletwa tu. Wote wawili ni watu wazuri na hakuna mvivu hapo, ila hakuna aliyeambiwa. Mnaojua nyumba za kupanga za Uswahilini mnajua choo cha wapangaji wote kinavyokuwa pasipo zamu iliyoandikwa mlangoni, basi tenki la upepo ndo hivyo hivyo, na tofauti ni kwamba hili linaua.

Wenzetu hili walishalimaliza siku nyingi. Kwenye vitabu vya matengenezo vya jeshi la Marekani kuna jedwali la kugawa kazi, kila sehemu ya chombo ina mstari wake, na mbele yake imeandikwa kukagua ni ngazi ipi, kubadilisha ni ngazi ipi, kukarabati ni ngazi ipi na inachukua saa ngapi za mtu. Mwendeshaji ana orodha yake ya kabla ya safari, wakati wa safari na baada ya safari, na fundi ana ya kwake. Waingereza waliunda kikosi chao maalumu cha mafundi wa mitambo, REME, tarehe 1 Oktoba 1942 katikati ya vita, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa imetawanyika kwenye idara mbalimbali na vita ya mitambo ilikuwa haisubiri. Sisemi tuige kila kitu chao, nasema hata wao wenye spea za kumwaga waliona kazi lazima igawiwe kwa ngazi.

Na kinyume chake ni hatari vilevile, fundi wa kikosi anafungua pampu ya dizeli ambayo ilitakiwa iende mezani kwa mtu mwenye mashine ya kuipima. Anaifungua kwa nia njema kwa sababu gari linatakiwa kesho, anaifunga, gari linawaka linatoa moshi mweusi na halina nguvu, na kuanzia hapo lile gari ni mgonjwa wa kudumu. Hakuna mahali palipomkataza.

3. Muda wa kazi unafuata kilomita peke yake, wakati magari mengi ya jeshi yanakaa zaidi kuliko yanavyotembea.

Gari la biashara la Kariakoo linatembea kila siku, kilomita kwake ni kipimo kizuri. Gari la jeshi linaweza kukaa miezi likisubiri kazi. Kilomita hazisogei lakini oili sili zinakauka, betri inashuka, tairi linapasuka pasuka pembeni likiwa na kashata zake zote, maji yanaingia kwenye tenki la dizeli na uchafu unaota pale dizeli inapokutana na maji, filta inaziba siku ile unayolihitaji. Mafuta ya breki nayo yananyonya unyevu wenyewe hata gari likiwa limesimama bandani. Kwa hiyo kazi nyingine zifuate kilomita, nyingine zifuate saa za injini, nyingine zifuate kalenda hata kama gari halijasogea hatua moja, na lazima iandikwe ipi ni ipi.

Jenereta ndo kabisa. Utaratibu wa kuiwasha kila wiki dakika tano bila mzigo kisha kuizima watu wanaona ni kuitunza, kumbe injini haipati joto la kutosha, dizeli isiyoungua inajaa kwenye njia ya moshi pamoja na masizi, na jenereta inaharibika kwa kutunzwa. Iwashwe kwa muda wa kutosha na iwekewe mzigo, na karatasi iseme mzigo kiasi gani.

Hapa niongeze kitu ambacho wakuu wengi hawapendi kusikia, kwamba kufungua fungua sana nako ni kuharibu. Wakati wa vita ya pili ya dunia mwanasayansi C.H. Waddington na wenzake walikuwa wanachunguza ndege za Coastal Command, kikosi cha anga cha Uingereza cha kulinda bahari, ambazo zilikuwa zinafanyiwa ukaguzi mkubwa kila baada ya saa 50 za kuruka. Walichokiona ni kwamba hitilafu zilikuwa nyingi zaidi mara tu baada ya ukaguzi, kisha zinapungua kadiri ndege inavyoendelea kuruka. Ukaguzi wenyewe ulikuwa unaleta hitilafu, kwa sababu kila ukifungua kitu kizima kuna nati itasahaulika na gasketi itakaa upande. Mwaka 1978 Nowlan na Heap, wahandisi wa shirika la ndege la United, wakaiandikia wizara ya ulinzi ya Marekani ripoti iliyoonyesha kwamba kwenye vipuri vya ndege walivyovichunguza ni kama asilimia 11 tu vilivyokuwa vinachoka kwa umri kwa namna ya kueleweka, vilivyobaki kuvibadilisha kwa sababu ya umri peke yake hakusaidii. Najua lori siyo ndege, breki na tairi na klachi zinaisha kwa kutumika na kila mtu anaona. Lakini somo lenyewe linabaki, kabla hujapanga kazi jiulize kifaa hiki kinaharibikaje, kikiharibika nini kitatokea, na kuna dalili gani tunaweza kuiona mapema. Ukishajua hayo ndo unaandika kazi. Sisi tunaanza na kazi, tena kwa sababu ndivyo tulivyowakuta waliotutangulia wakifanya.

4. Ujuzi uko vichwani mwa wazee na wazee tunaondoka.

Hii inaniuma kuliko zote. Kuna ndege ya Marekani aina ya B-2 ilianguka kwenye kisiwa cha Guam tarehe 23 Februari 2008 ikiwa inaruka tu uwanjani, marubani wote wawili walijirusha wakapona, lakini ndege yenyewe ya dola bilioni 1.4 iliteketea. Chanzo kilikuwa unyevu kwenye vihisi vinavyopima hewa, vikadanganya kompyuta. Sasa kinachotisha ni kwamba tangu mwaka 2006 kulikuwa na watu wameshagundua kwamba ukiwasha joto la vile vihisi kabla ya kuvirekebisha unyevu unakauka na tatizo linaisha. Walijua. Ila haikuingizwa kwenye vitabu rasmi, ikabaki ni ujanja wa wanaojuana, na wafanyakazi waliokuwa zamu siku ile hawakuwa nao.

Kama wenye bilioni 1.4 za ndege moja wameweza kuumizwa na kitu kisichoandikwa, sisi ni nani? Kwenye kila karakana kuna mzee anayejua kwamba lori lile la aina fulani ukilipitisha kwenye maji ya chumvi lazima uoshe kule nyuma ya springi na upake grisi siku hiyo hiyo, siyo kesho. Anajua ile bolti lazima ikazwe tena baada ya safari ya kwanza. Hakuna kitabu kilichosema, vitabu vya watengenezaji vimeandikwa kwa barabara zao na baridi zao, vingine kwa lugha ambayo hakuna fundi anaisoma. Mzee akistaafu anapewa cheti na mkono wa kwaheri, hakuna anayekaa naye na daftari. Jamani hilo daftari bei yake ni ngapi?

5. Sahihi zinawekwa kwenye kazi ambayo haijafanyika.

Nasema kwa uchungu na bila kumtaja mtu. Ripoti inatakiwa ionyeshe magari mengi mazima, kwa hiyo fomu inawekwa tiki kutoka juu mpaka chini kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Tarehe 10 Julai 2017 ndege ya mizigo ya KC-130T ya kikosi cha Marine cha Marekani ilikatika angani Mississippi, watu 16 wakafa wote. Bapa la propela lilikuwa na kutu ambayo ilitakiwa iondolewe lilipoletwa karakana kuu mwaka 2011, kazi ilikuwa imeandikwa, haikufanywa inavyotakiwa, kutu ikazaa ufa, ufa ukakua taratibu miaka yote hiyo. Tarehe 30 Julai 2020 gari lao la kutembea majini likazama karibu na kisiwa cha San Clemente, vijana 9 wakapotea, na uchunguzi ukakuta hali mbovu ya magari yaliyokabidhiwa kikosi ni moja ya sababu.

Fundi anayekataa kuweka sahihi alindwe. Leo fundi akisema hili gari halitoki anaonekana mkorofi, na kwenye orodha ya kozi jina lake halionekani tena.

6. Kazi inagawiwa bila zana na bila spea.

Hili fupi. Ukimpa mtu kazi ya kukaza bolti za kichwa cha injini bila spana ya kupimia nguvu ya kukaza, umemwambia akisie. Ukimpa kazi ya kubadilisha filta na stoo hakuna filta, atapuliza ile ya zamani kwa kompresa na kuirudisha. Karatasi ya kazi na stoo lazima zizungumze.

Sasa najua majibu nitakayopewa, niyajibu mapema.

Mtasema hela hakuna. Kumwaga maji kwenye tenki la upepo ni bure, kuandika ni bure, kuweka jina la mtu mbele ya kazi ni bure, na injini moja iliyokufa kwa kukosa oili ingelipa makaratasi ya karakana nzima miaka na miaka. Mtasema ni siri, na mimi nasema orodha ibaki ndani ya uzio, raia hatuihitaji, wanaoihitaji ni vijana wenu. Mtasema jeshini amri inatosha. Inatosha kumfanya mtu aende, haitoshi kumfanya ajue afanye nini akifika.

Na mtasema vitabu vipo kabatini. Waingereza nao walikuwa na vitabu. Ndege yao ya Nimrod iliungua angani karibu na Kandahar, Afghanistan, tarehe 2 Septemba 2006, ikaua watu 14, na ripoti ya Charles Haddon-Cave ya mwaka 2009 ikaonyesha kwamba makaratasi ya usalama wa ndege ile yalikuwepo, tena mengi, ila yaliandaliwa kwa kujaza tu bila kuchimba hatari zilizokuwa mle ndani. Kabati lililojaa halijawahi kukagua gari.

Ninachoomba, kwa heshima zote:

Kwanza, chagueni aina moja tu ya gari, lile mnalolitumia zaidi, msianze na yote. Wakae mezani madereva wake, mafundi wake wa kikosi, watu wa karakana kuu, mtu wa stoo na wazee wawili watatu waliostaafu. Walipitie gari sehemu kwa sehemu, kila sehemu inaharibikaje, ikiharibika nani anaumia, dalili ni nini, kazi ni ipi, ya nani, kila lini, kwa zana gani. Waandike kwa Kiswahili ambacho dereva anakisoma.

Pili, ile orodha ya dereva ya kila siku iwe ukurasa mmoja ndani ya gari, imefunikwa nailoni isilowe.

Tatu, kila kazi ya fundi iwe na mtu mmoja mwenye jina na mtu mwingine wa kuikagua, wasiwe mtu yule yule hata siku watu wakiwa wachache.

Nne, fundi akikataa gari kwa maandishi, asiweze kutenguliwa kwa mdomo. Anayemtengua naye aandike na asaini.

Tano, kila miezi sita orodha ifunguliwe upya iangaliwe hitilafu zilizotokea kweli, kazi isiyosaidia ifutwe na iliyokosekana iongezwe.

Naomba hilo gari la kwanza liwe limekamilika kabla masika hazijaanza, maana mvua zikishaanza mtahitaji malori na hakuna atakayekuwa na muda wa kukaa mezani. Kwa upande wangu nipo, nitakuja siku yoyote mtakayoniita, posho siihitaji, nipeni kiti na kijana mmoja anayeandika haraka. Na wenzangu kadhaa niliostaafu nao nimeshaongea nao, wako tayari.

Naomba nijibiwe kwa maandishi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi mitambo mstaafu,
Dar es Salaam